Namna ya Kuchelewa Butiama: Mwongozo wa Baiskeli kwa Asiye na Haraka

Anayetaka kuwahi Butiama aende stendi ya Bweri, apande gari, alipe nauli, asinzie. Mwongozo huu si wake. Huu ni wa yule anayetaka kuchelewa: mtu mwenye miguu miwili mizima, baiskeli hata ya kuazima, na siku mbili ambazo hakuna anayemdai. Nitamfundisha kuchelewa vizuri, kwa adabu na bila kuugua, katika nchi ya Musoma, Butiama na Bunda, ambako ziwa limeingia bara kwa ghuba na vighuba, hata ukiyakosa maji upande wa kulia, panda kilima kimoja tu utayaona upande wa kushoto. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba mkoa wa Mara umeumbwa kwa ajili ya mwendesha baiskeli mvivu. Kilichobaki ni yeye mwenyewe kujua uvivu wake aupange vipi.

Tuanze na chombo. Vijana wa mjini watakuambia utafute baiskeli yenye gia ishirini na moja na fremu nyepesi. Wasikilize, washukuru, kisha nenda kamwone fundi wa chini ya mti, umwambie unataka ile nyeusi, ndefu, nzito, ya Kichina au ya Kihindi, inayokaribia kilo 20, yenye breki za vyuma, kiti cha springi na keria nyuma. Sababu si mapenzi ya mambo ya kale. Gurudumu lake kubwa hupita juu ya mawe na mchanga bila kulalamika, kiti chake huusitiri mgongo wako, na zaidi ya yote, karibu kila kijiji cha mkoa huu kina mtu anayeijua njiti kwa njiti. Ile ya gia ikikatika waya mbele ya Mugango utaibeba wewe, na watoto watakusindikiza wakikuuliza kwa nini baiskeli imempanda mtu.

Fundi akishakaza mnyororo na kukaza breki, mwombe akuuzie viraka, solusheni na tyubu moja ya akiba, na pampu uifunge kwenye fremu. Miiba ya migunga hapa haibagui. Ukipata pancha, usijitie ufundi katikati ya jua. Sukuma hadi penye kivuli, na mara nyingi penye kivuli kizuri pana fundi mwenye beseni la maji, atakayeizamisha tyubu yako na kulitafuta povu kwa utulivu wa daktari bingwa. Mlipe bila kumnyanyasa kwa bei. Huyo ndiye bima yako ya safari.

Kuhusu mavazi nina neno moja. Zile nguo za kubana za wanamashindano ziache nyumbani. Katika nchi hii hutapita tu. Utakaribishwa uji, utaingia uani kwa mzee, huenda ukakuta msiba na ikabidi ushuke utoe pole. Huwezi kumwambia bibi wa miaka themanini shikamoo huku umevaa hivyo. Vaa suruali pana, shati la mikono mirefu na kofia, beba maji yasiyopungua lita mbili, na kanga au shuka jepesi la kujifutia na kulalia. Basi.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoteseka bure. Ukanda huu una pepo mbili zinazopokezana zamu. Mchana jua likikaza, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa yake hupanda juu, na hewa ya ubaridi kutoka ziwani huja kushika nafasi. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa upesi, ziwa hubaki na vuguvugu lake, na upepo hutoka bara kwenda majini. Wavuvi wa matanga wameishi kwa hesabu hiyo vizazi na vizazi. Alfajiri upepo wa bara huwatoa, alasiri upepo wa ziwa huwarudisha. Nawe jihesabu mvuvi wa tanga, ila tanga lako ni shati.

Sisi tuko mashariki ya ziwa. Maana yake asubuhi upepo unataka uende majini, yaani magharibi, na alasiri unataka uende bara, yaani mashariki. Mtu wa haraka hufanya kinyume kabisa. Huondoka Musoma kabla hakujakucha kwenda Butiama ili awahi kurudi. Upepo wa bara unampiga kifuani njia nzima, naye anapanda. Alasiri anageuza, na upepo nao umegeuka, unampiga kifuani tena. Jioni anafika nyumbani amenuna, anasema baiskeli ni adhabu. Baiskeli haina kosa. Kosa ni kutaka kwenda na kurudi siku moja. Anayelala njiani husukumwa mara mbili, kwenda na kurudi, na asiyelala hupigwa mara mbili. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, upepo wa kusini-mashariki huongeza nguvu zake na kuichafua hesabu hii kidogo, lakini miezi hiyo njia ni kavu na mbingu ni safi, kwa hiyo msamehe.

Masika, tangu Machi hadi Mei, tafuta shughuli nyingine. Si kwa sababu ya kulowa, kwani kulowa hakuui. Ni ule udongo mweusi wa mbugani. Ukishapata maji hung'ang'ania tairi, hujaza nafasi kati ya gurudumu na madigadi, na baiskeli husimama yenyewe kama iliyotiwa breki. Utabaki hapo na kijiti mkononi unachokonoa, na hapo hata mwongozo huu hauna msaada.

Njia ya kwanza ni ya kujipimia, na iko mjini Musoma kwenyewe. Anzia Kitaji, asubuhi, jua likiwa limetoka. Huku jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, kwa hiyo hakuna sababu ya kujiamsha gizani. Teremka Mwigobero. Hapo ndipo mji unapoonana na ziwa: boti na mitumbwi, akina mama wa samaki, abiria wanaokwenda Kinesi ng'ambo ya ghuba. Kunywa chai, usinunue samaki bado, atachina keriani. Kisha shika njia ya Mwisenge, maji yakiwa hayaishi kuchungulia kati ya nyumba, mbele yako miamba mikubwa ya matale iliyolaliana mmoja juu ya mwingine bila simenti wala fundi. Mlima Mukendo uko pale pale mjini. Utazame kwa heshima, usiupande na baiskeli. Endelea hadi Makoko, kwenye ncha, ambako wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani walikuwa na chuo chao cha kujifunzia Kiswahili. Watu walivuka bahari kuja kufundishwa salamu zetu mahali hapa. Wewe unazo tayari, kwa hiyo zitumie kwa kila unayempita.

Mwisenge usiipite mbio. Shule ya msingi iliyopo pale ndiyo aliyoanzia Julius Nyerere mwaka 1934, akiwa na miaka 12, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, aliyetoka Butiama kwa miguu. Simamisha baiskeli hapo, piga hesabu. Kilomita zaidi ya 40, mtoto, hakuna lami, hakuna keria. Kuanzia hapo hutanung'unika tena kuhusu kiti kigumu.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ya Majita. Barabara inayotoka Musoma kupitia Makojo hadi Busekera ina kilomita 92, na mtu yeyote anayekuambia uimalize kwa siku moja mwulize anakimbia nini. Nenda kipande. Nenda Mugango, pumzika, ukiwa na nguvu na mwenyeji songa Murangi, ukikosa vyote viwili rudi kesho yake. Hapa utaona vijiji vikifanya kazi zao kwa mwendo ambao baiskeli inauelewa. Juu ya mwamba mpana kando ya njia utakuta mihogo imeanikwa, myeupe, inasubiri kuwa udaga. Ukifika karibu na mwalo utakuta dagaa wametandazwa chini, wanang'aa, na kuku mmoja anayejifanya hajawaona. Wavuvi waliowavua wamelala, kwa kuwa kazi ya dagaa ni ya usiku usio na mwezi, kwa taa. Ukiona jioni vimulimuli vingi mbali majini, ndio hao wanaanza zamu wakati wewe unafunga yako.

Waliosikia kwamba Majita ni tambarare wamedanganywa kidogo. Kuna vilima, vifupi, vyenye tabia ya kuja viwili viwili. Kilima cha kwanza kipande. Cha pili shuka usukume. Hakuna anayekucheka, maana anayepanda hapo kila siku na gunia la mihogo naye husukuma, na yeye ndiye mwalimu wako. Mtazame anavyofanya: hashuki kilima kinapomshinda, hushuka kabla, wakati baiskeli bado ina mwendo, ili msukumo usikatike. Hilo ni darasa zima la ufundi, na linatolewa bure.

Mugango ina jambo la kukupa moyo. Kutoka pale, maji ya ziwa husukumwa kupitia Kiabakari hadi Butiama, kwa mradi unaobeba majina ya sehemu hizo tatu. Fikiria ni miaka mingapi watu wa Butiama wameishi wakilijua ziwa kwa kulitazama kwa mbali huku ndoo zikiwa tupu. Ukifika huko ukapewa kikombe cha maji, jua kwamba yamepanda kwa pampu njia ambayo wewe umepanda kwa magoti. Yanywe yote.

Chakula? Huku swali hilo huwa na jibu moja, nalo ni sato. Mkaangishe kwa mama lishe, mle na ugali wa muhogo, kwa mkono, bila kuangalia saa. Usiagize ukiwa na haraka, kwa sababu samaki mzuri hukaangwa polepole na mama mwenye samaki mzuri huwa hapendi kuulizwa mara mbili. Ukimaliza usiondoke papo hapo. Tafuta mwembe ulale. Kati ya saa sita na saa tisa jua la nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta halina mzaha na kichwa cha mtu, na kulala wakati huo ni sehemu ya safari, si kuikatiza.

Halafu kuna ziwa lenyewe, ambalo litakuita uoge. Jibu lake ni hili: uliza kwanza. Maji tulivu yenye majani pembeni yana kichocho, na mahali pengine pana mamba na kiboko, hasa kuelekea mlango wa Mto Mara, ule unaotoka Kenya na kupita Serengeti hadi kumwaga maji yake kaskazini ya mji wetu. Usiingie mahali ambapo hakuna mwenyeji aliyeingia mbele yako.

Sasa Butiama. Hii ndiyo safari iliyoupa mwongozo huu jina, na ukiifuata hesabu ya upepo itakuwa rahisi kuliko ulivyodhani. Ondoka Musoma kama saa mbili asubuhi, upepo wa bara ukianza kuchoka. Kipande cha mwanzo, hadi Makutano, ni barabara ya lami yenye mabasi, na hapo sina mzaha: kaa kushoto kabisa, mmoja nyuma ya mwenzake, msizungumze sambamba. Ukisikia basi nyuma na lori mbele, ondoka barabarani, simama kwenye nyasi, wapite. Hapo sahau mambo ya haki. Haki yako ni kufika. Makutano pumzika kwa muda wote wa joto, kula, lala kidogo, jaza maji. Saa tisa alasiri, ziwa likianza kupuliza, panda baiskeli uingie barabara ya Butiama, na utaona ajabu: kilima kipo, lakini mgongoni kuna mkono. Utafika kabla jua halijazama, ukiwa umetumia siku nzima kwa safari ambayo jirani yako aliimaliza kwa usingizi wa ndani ya gari.

Kesho yake asubuhi nenda Mwitongo bila baiskeli, kwa miguu. Hapo alizaliwa Mwalimu Nyerere tarehe 13 Aprili 1922, na hapo amezikwa, tangu Oktoba 1999 alipoletwa kutoka London alikofia. Makumbusho yake yapo, na miamba ipo, na miti. Watu wanaokuja kwa misafara ya magari hupiga picha kaburini na kuondoka. Wewe umechelewa tayari, kwa hiyo kaa. Keti juu ya jiwe utazame upande uliotokea jana, mteremko ule wa mashamba na vichaka unaoshuka kuelekea ziwani. Njia uliyoipita jana, yule mtoto wa 1934 aliianzia hapa.

Na kama bado unadhani kwamba kwenda taratibu ni kazi ya wasio na kazi, kumbuka Oktoba 1967. Nyerere, Rais wa nchi, mwenye magari ya serikali na madereva, alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa Februari ya mwaka huo. Vijana walikuwa wakitembea nchi nzima kwa sababu hiyo, naye akaona hawezi kupongezwa kwa miguu ya wengine. Alipita vijiji hivi hivi kwa mwendo ambao mkulima anaweza kuungana nao, akasema neno lake, akasikia jibu. Miaka ya karibuni waendesha baiskeli wa msafara wa Twende Butiama wamekuwa wakitoka Dar es Salaam na kuvuka nchi kuja huku kwa ajili ya kumbukumbu ya kifo cha Nyerere, tarehe 14 Oktoba. Nawavulia kofia. Ukifika wakati huo utawakuta na mavazi yao ya kung'aa, na utafurahi kujua kwamba uji wanaokunywa ni ule ule.

Kurudi Musoma asubuhi hakuhitaji mwongozo. Mteremko unakushusha, upepo wa bara unakusukuma, na kazi yako pekee ni breki. Haya ndiyo malipo ya kulala. Nakuomba usipite mbio, kwani ni aibu kumaliza haraka kitu ulichokichuma kwa siku nzima.

Bunda iko upande mwingine na ina njia yake, ile inayokwenda magharibi kupitia Bulamba na Kibara hadi Kisorya, ambako kivuko humvusha mtu na baiskeli yake kwenda Ukerewe. Kilomita 51 kati ya Bulamba na Kisorya zina lami, nchi ni tambarare kuliko Majita, mashamba ya pamba yapo kwa msimu wake, na kusini kwako kuna Ghuba ya Speke. Upepo hapa ni ule ule, kwa hiyo hesabu ni nyepesi: asubuhi nenda Kisorya, alasiri rudi Bunda, au vuka kabisa ulale Ukerewe, jambo ambalo sitamzuia mtu.

Lakini barabara kuu ya Bunda kwenda Lamadi, ile inayopita lango la Ndabaka, iache. Ni nzuri mno machoni. Serengeti inasogea hapo karibu na ziwa, na wakati fulani utaona nyumbu na pundamilia ukiwa barabarani. Tatizo ni kwamba dereva wa basi naye anawatazama. Na zaidi ya hapo, tembo hutoka hifadhini na kuingia mashamba ya vijiji vya Bunda, hula mahindi na huua watu. Mkulima wa huko halali usiku akilinda shamba lake kwa tochi na debe. Basi usiku katika vijiji hivyo usipande baiskeli hata kama mbalamwezi inakushawishi. Ukichelewa hadi giza, omba pa kulala. Utapewa.

Nimeacha adabu mwisho ingawa ndiyo inayobeba kila kitu. Huku mtu hapiti watu kimya. Ukimkuta mzee njiani, punguza mwendo, sema shikamoo mzee, ngoja marahaba ikufikie ndipo ukanyage. Ukiwakuta wazee wamekaa kundi, mguu mmoja uguse ardhi. Salamu ya kurushwa ukiwa mbioni ni kama kumtupia mtu kitu. Watu wa Mara wana sauti kubwa, na mgeni akiitwa kwa sauti hiyo hudhani ameshtakiwa. Anakaribishwa chakula tu. Ng'ombe wakiziba njia, usipige kengele katikati yao. Simama, mwamkie mchungaji hata kama ni mtoto wa darasa la nne, yeye ndiye mwenye barabara kwa wakati huo. Watoto wakikufukuza wakipiga kelele, wape mashindano ya mita hamsini na uhakikishe umeshindwa.

Kisha kuna wale ambao mwongozo huu wote umeandikwa kwa ajili yao bila kuwaambia. Ni kijana mwenye tenga la samaki juu ya keria anayetoka mwaloni kabla barafu haijayeyuka. Ni baba mwenye magunia mawili ya mkaa, mama mwenye madumu manne ya maji, mwenye maziwa, mwenye mabati. Kwao baiskeli ni gari, ni lori, ni ada ya shule. Ukimkuta mmoja wao anapanda kilima, mpishe wewe, hata kama njia ni yako, kwa sababu mwenye mzigo mzito akisimamishwa katikati ya mlima hawezi kuanza tena peke yake. Ukimsikia nyuma yako kwenye mteremko, mpishe upesi zaidi, maana breki za vyuma haziwezi kushika kilo mia. Na ukimkuta ameangusha, shuka mwinue. Hiyo ndiyo nauli ya kutembelea nchi yake.

Huko Ulaya kuna ziwa la Constance, linalopakana na Ujerumani, Uswisi na Austria, na watu wamelizungushia njia ya baiskeli ya kama kilomita 260. Watalii hulizunguka mwaka baada ya mwaka, hulala kwenye vijiji, hula samaki wa pale, huacha fedha pale. Ziwa lile lote lina eneo la kilomita za mraba zisizofika 600. Letu lina karibu 69,000, nalo pia ni la nchi tatu. Sisemi tulizungushie njia ziwa zima kesho. Nasema njia zipo tayari, zimekanyagwa na watu wenye matenga, na kinachokosekana ni kutambua kwamba hawa nao ni watumiaji wa barabara.

Ndiyo maana ombi langu la mwisho linakwenda kwa wahandisi wa TANROADS na TARURA, kila lami mpya inapopangwa kwenda Majita, Butiama au Kisorya: achieni baiskeli mita moja na nusu kila upande, mzichoree mstari, msiziweke kwenye changarawe zinazomwaga mtu mtaroni. Linakwenda pia kwa halmashauri, ambazo hutaja utalii katika mipango yao na kumsahau fundi wa chini ya mti. Na linakwenda kwako dereva unayetoka Mwanza au Sirari. Ukiona keria mbele yako, kaa nyuma yake mpaka njia iwe wazi, kisha mpite kwa mbali. Utachelewa dakika moja.